Mithali Ianze na Wewe Kabla Hujamtumia Mwenzako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kaeni vizuri tu, leo sitapiga kelele, nataka tuongee.

Niliombwa niseme kuhusu kitabu cha Mithali na maisha yetu ya kila siku, na nilipoanza kujiandaa nilikuwa na pointi nyingi tu, ulimi, pesa, uvivu, ndoa, nikaziandika zote kwenye daftari, halafu usiku mmoja nikakwama kwenye mstari mmoja na sikuweza kusonga mbele. Mithali 26:9. Unasema mithali kinywani mwa mpumbavu ni kama mwiba uliomwingia mlevi mkononi. Na mstari wa 7 wa sura hiyohiyo unasema mithali kinywani mwa mtu wa namna hiyo ni kama miguu ya kiwete, ipo lakini imelegea, haimpeleki mtu popote. Yaani hiki ndicho kitabu cha mithali chenyewe, na ndani yake kinatuonya kwamba mithali inaweza kushikwa vibaya ikaumiza watu! Nikaweka daftari pembeni, kwa sababu nilimkumbuka mtu.

Miaka kadhaa iliyopita kuna mama tulikuwa tunasali naye, mtoto wake wa kiume aliacha kanisa, baadaye akaacha na nyumbani, akawa hapokei simu ya mama yake wala hajibu mesej. Huyu mama akaja kwangu analia. Mimi nikafungua Biblia nikamsomea Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee," halafu nikamwambia, dada yangu hebu jichunguze mbele za Mungu, ni wapi mlikosea kwenye malezi? Nilisema kwa nia njema kabisa, niliona namsaidia. Alinyamaza, akachukua mkoba wake, akaaga vizuri tu, akaondoka, na hakuonekana tena kwenye ibada kwa miezi minne.

Mstari niliomsomea ni kweli. Neno la Mungu ni kweli siku zote. Lakini ulipotoka kinywani mwangu siku ile ulikuwa mwiba. Na nimejiuliza sana kwanini mithali inamtaja mlevi, mimi naona ni kwa sababu mlevi mwiba ukimwingia hausikii sawasawa, na mkono huohuo wenye mwiba anautupa huku na huku anachoma na wengine, hajui kama kuna mtu ameumia mpaka kesho yake. Mimi nilikuwa nimelewa siku ile. Nilikuwa nimelewa kuwa sahihi.

Sasa ndugu zangu, kabla hatujafika kwenye ulimi na pesa naomba tuelewane mithali ni kitu gani, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Mithali ni neno fupi la watu waliomcha Mungu wakayatazama maisha kwa muda mrefu wakasema, kwa kawaida mambo huenda hivi. Biblia inasema Sulemani alinena mithali 3,000, hiyo iko 1 Wafalme 4:32, na siyo zote tulizonazo kwenye kitabu. Na Mithali 25:1 inatuambia kuna nyingine zilinakiliwa na watu wa Hezekia mfalme wa Yuda, hiyo ni zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani kufa! Kuna maneno ya Aguri kwenye sura ya 30, kuna maneno ya mfalme Lemueli, aliyofundishwa na mama yake, kwenye sura ya 31. Kwahiyo hiki ni kitabu kilichokusanywa taratibu, kizazi kwa kizazi, watu wanapima, wanaandika, wanawapa watoto wao. Siyo mashine kwamba unaingiza malezi mema huku halafu mtoto mwema anatoka kule.

Na mwandishi wa Mithali alilijua hilo vizuri kabisa. Soma sura ya 1 mpaka ya 9 uone baba anavyobembeleza, mwanangu sikia, mwanangu usisahau, mwanangu usikubali wenye dhambi wakikushawishi. Kama malezi mazuri yangetosha peke yake angebembeleza ya nini? Anabembeleza kwa sababu anajua mtoto anaweza kukataa. Halafu nenda Isaya 1:2, Mungu mwenyewe anasema, "Nimewalisha watoto na kuwalea, nao wameniasi." Mungu! Ni wapi Mungu alikosea kwenye malezi? Hilo swali nililomuuliza yule mama ningemuuliza nani hapo?

Kwahiyo 22:6 ni neno la kumpa mzazi mwenye mtoto mdogo, leo, ili aamke amfundishe mtoto wakati bado kuna muda. Halikuwekwa pale ili mtu kama mimi awahesabie wenzake makosa.

Kuna mistari miwili imefuatana ambayo watu wengi huwa inawasumbua, mimi naipenda sana. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, usije ukafanana naye. Unashuka mstari wa 5, hapohapo chini yake, inasema mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, asije akajiona ana hekima. Sasa nishike lipi? Watu wanasema Biblia inajipinga. Hapana jamani, waliokusanya hawakuwa vipofu, wameiweka pamoja makusudi ili ulazimike kufikiri. Kuna siku kujibu kunakushusha unakuwa kama yeye, kuna siku kunyamaza kunampa kiburi na kuna mtu wa tatu anasikiliza anapotea. Utajuaje leo ni siku gani? Hapo ndipo hekima inapotakiwa, na hapo ndipo maombi yanapotakiwa, mstari peke yake hauwezi kukufanyia hiyo kazi.

Haya tuje kwenye ulimi.

Mithali 15:1 kila mtu hapa anaijua, "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Tumeifundisha watoto Sunday school, tumeibandika ukutani. Sasa nataka muone kitu. Hizi zinaitwa mithali za Sulemani, si ndiyo? Sulemani anakufa, mtoto wake Rehoboamu anakwenda Shekemu kutawazwa. Watu wanamjia na Yeroboamu, wanamwambia baba yako alitutwisha kongwa zito, wewe utupunguzie, nasi tutakutumikia. Ombi la kawaida kabisa. Akasema rudini baada ya siku 3. Akawauliza wazee waliokuwa wanasimama mbele ya baba yake, wazee wakamwambia ukiwajibu watu hawa maneno mazuri leo, watakuwa watumishi wako siku zote. Yaani wazee wamempa Mithali 15:1 mkononi, na ni mithali ya nyumbani kwao! Akaiacha, akawafuata vijana wenzake aliokua nao, siku ya tatu akawajibu watu kwa ukali, baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Na siku hiyohiyo watu wakasema tuna sehemu gani kwa Daudi, wakaenda zao. Makabila 10 yakaondoka. Rehoboamu akamtuma msimamizi wa shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, wakampiga mawe akafa, mfalme mwenyewe akapanda gari lake haraka akakimbilia Yerusalemu. Somo liko 1 Wafalme 12.

Makabila 10 kwa jibu moja. Ufalme ambao Daudi aliupigania, Sulemani akaujenga, unakatika vipande viwili kwa sababu mtu mmoja alitaka aonekane mkali.

Na mimi nikisoma hapo huwa nawaza nyumba zetu. Hatuna makabila 10 lakini kuna ndoa zimekatika kwa jibu moja, kuna mtu hajaongea na kaka yake tangu siku ya msiba wa baba yao kwa sababu ya sentensi moja, na ukiwauliza wote wawili wanakutajia hiyo sentensi neno kwa neno, miaka imepita na bado wanaikumbuka kama imesemwa jana. Rehoboamu alikua akiisikia hekima ya baba yake kila siku na haikumwingia, kwahiyo wewe kulelewa kanisani, kujua mistari, baba yako kuwa mchungaji, hakukupi jawabu la upole siku ukikasirishwa. Linatakiwa lifanyiwe mazoezi siku za kawaida.

Halafu tusidanganyane kwamba upole ni unyonge. Mithali 25:15 inasema ulimi laini huvunja mfupa. Abigaili mke wa Nabali alipotoka kukutana na Daudi, Daudi alikuwa anakuja na watu kama 400 wamejifunga panga na ameshaapa kuwaua wanaume wa nyumba ya Nabali, na yule mwanamke hakuwa na silaha, alikuwa na zawadi na maneno, na Daudi akageuka. Someni 1 Samweli 25 mkifika nyumbani, msome taratibu, angalieni jinsi anavyopanga maneno yake.

Sasa ulimi wetu siku hizi umehamia kwenye vidole. Wengi wetu tukikosana na mtu hatumkabili, tunachapa. Na mesej haina sauti, yule anayeisoma anaiwekea sauti yeye mwenyewe, na akiwa amekasirika anaiwekea sauti mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Mimi nimejiwekea utaratibu, nikikasirika naandika mesej yote, naandika kila kitu, ila siitumi, naiacha mpaka nimelala nikaamka. Asubuhi nyingi naifuta. Chache natuma nusu yake. Na zile nzito kabisa napiga simu, maana kwenye simu mtu anasikia pumzi yako, anajua kama unaumia au unashambulia.

Na kuna hii ya kuforward. Mithali 18:13, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Shuka mstari wa 17, anayetangulia kujieleza kwenye kesi anaonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Wapendwa, mistari hii miwili tungeishika kwa mwezi mmoja tu grupu zetu za kanisa zingepona. Skrinshoti inakuja, imekatwa juu na chini, huoni kilichosemwa kabla wala baada, na ndani ya dakika tano watu 40 wameshahukumu, wameshaweka na mistari ya Biblia. Umemsikia nani? Umesikia upande mmoja, tena kipande cha upande mmoja. Mithali 26:20 inasema moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma. Kila ukifoward umetia kuni moja. Huhitaji kusimama na kuhubiri dhidi ya umbea, we usiiforward tu, iishie kwako.

Na wale wa "nilikuwa natania," Mithali 26:18 na 19 wametajwa, wamefananishwa na mtu mwenye wazimu anayerusha mienge ya moto na mishale halafu anasema si nilikuwa nafanya mzaha tu. Niseme wazi hapa kwa sababu linaniuma, kuna watu wamekaa kimya kwenye ushirika wetu kwa sababu utani wa mwili wao, au wa kutokuolewa, au wa kutopata mtoto umekuwa ni kitu cha kuchekea. Wanacheka na nyinyi halafu wanaenda kulia nyumbani. Tuache. Leo.

Pesa nitagusa kwa haraka, kwa sababu kila mtu anajua alipo. "Akopaye ni mtumwa wake akopeshaye," 22:7, na siku hizi mkopo unaupata kwa kubonyeza simu mara tatu umelala kitandani, kwahiyo utumwa umekuja karibu zaidi. Sisemi kukopa ni dhambi, Biblia inajua watu wanakopa, lakini kabla hujabonyeza jiulize huu utumwa ni wa muda gani na unautumikia kwa ajili ya nini. Na wewe uliyekopa kwa ndugu hapa kanisani na sasa unapita mlango mwingine ili usikutane naye, 3:28 inakuhusu, usimwambie jirani nenda urudi kesho nitakupa, na kitu unacho. Hata kama hunacho chote, mfuate, mwambie nina kiasi hiki. Na mwenye kuajiri mtu, awe wa nyumbani, awe wa dukani au ofisini, mshahara wake usiwe ndio kitu cha mwisho unachokikumbuka mwezi ukiisha.

Kuna moja naipenda kwa sababu haisemwi sana. 20:14. "Haifai kitu, haifai kitu, asema anunuaye, lakini akiisha kwenda zake hujisifu." Mnunuzi anaponda mali ya mtu, mbovu hii, kuukuu hii, akishauziwa bei ya chini anaenda kujisifu kwa wenzake jinsi alivyopata. Huwa tunajua muuzaji mwenye mizani ya uongo ni mwenye dhambi, lakini mteja mwenye maneno ya uongo je? Bei punguziwa, hilo halina shida, ila usiseme uongo juu ya kazi ya mikono ya mtu ili umvunje moyo akuuzie.

Sala ya Aguri kwenye sura ya 30 ndiyo sala yangu ya pesa. Anaomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe kwa kadiri yake. Anaogopa akishiba sana atasema BWANA ni nani, na akiwa maskini sana ataiba. Huyu ni mtu anayeujua moyo wake pande zote mbili. Tumeomba sana sala ya upande mmoja, tujaribu na hii.

Nirudi sasa kwenye kile kilichonikwamisha, yaani wakati. Mithali 25:20 inasema anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni ni kama anayevua nguo siku ya baridi. Nyimbo ni nzuri! Shida siyo wimbo, shida ni saa. Na 14:10 inasema moyo unaujua uchungu wake wenyewe, maana yake hata nikiwa mchungaji wako, rafiki yako wa miaka 20, kuna chumba ndani yako sijawahi kuingia, kwahiyo niwe na adabu nikiwa mlangoni. Rafiki zake Ayubu walianza vizuri sana, walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wangeishia hapo! Walipofungua midomo wakaanza kumpa mafundisho, apandaye uovu huvuna uovu, Mungu hamtupi mkamilifu, na ukiyasoma moja moja yanafanana kabisa na Mithali. Lakini mwisho wa kitabu cha Ayubu, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu inawaka juu yako na rafiki zako wawili. Maneno yaliyofanana na kweli, yamebandikwa kwa mtu ambaye hayakuwa yake, kwenye jivu, siku ya maumivu.

Watu wengine huniuliza basi tunasomaje. Wengi mnasoma sura moja kwa siku kwa kuwa sura ni 31, ni utaratibu mzuri na mimi nimeufanya, lakini nitawaambia kilichonisaidia zaidi. Chukua mstari mmoja ukae nao wiki nzima. Mmoja. Na kwa hiyo wiki usimpe mtu mwingine huo mstari, usiupositi, usimtumie mume wako, usimpe mtoto, usiuweke stetasi ili fulani auone. Uache ukufanyie kazi wewe. Nilikaa na 18:13 wiki moja nikajihesabu ni mara ngapi namkatisha mke wangu akiongea, na kwa siku tatu za kwanza niliogopa. Nikamwuliza na yeye, akaniambia, "Nilizoea." Hiyo "nilizoea" ilinipiga kuliko mahubiri mengi.

Na tuombe, maana Yakobo 1:5 inasema mtu akipungukiwa na hekima aombe kwa Mungu naye atapewa. Sulemani mwenyewe aliyezinena hizi mithali moyo wake uligeuzwa uzeeni, 1 Wafalme 11, kwahiyo kuzijua hakukumlinda. Sisi tumepewa aliye mkuu kuliko Sulemani, yeye mwenyewe alisema hivyo, Mathayo 12:42, na yeye alijua lini anyamaze mbele ya Herode na lini ajibu, lini apindue meza na lini aandike chini kwa kidole huku mwanamke amesimamishwa mbele ya watu wenye mawe. Mimi namtazama yeye nikitaka kuona 26:4 na 26:5 zikiishi ndani ya mtu mmoja.

Yule mama, nilimfuata. Ilinichukua miezi minne na nasema kwa uchungu kwamba ilikuwa mingi mno. Nilifika nyumbani kwake bila Biblia mkononi, nikamwomba msamaha, nikamwambia nilikuuliza swali ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza. Alilia, na mimi nikalia, tukakaa kimya muda mrefu sana, halafu akaanza kunisimulia habari za mtoto wake, alivyokuwa mdogo, vitu alivyokuwa anapenda, jinsi alivyokuwa anaimba, nikasikiliza mpaka jioni. Mtoto bado hajarudi. Mwezi uliopita alijibu mesej ya kwanza, aliandika maneno mawili tu, "niko salama," na mama yake akanipigia usiku huohuo akaniuliza amjibu nini. Nikamwambia mama, usimtumie mstari. Mwambie unampenda, na umwulize kama amelala vizuri.